Mwongozo kamili: chambo na mishipi ya kuelea kwa kambale wa Ruvu

Malalamiko ya wanaotega kambale huja kwa sura mbili. Mmoja anasema ndoana zote zimerudi tupu, chambo kimeliwa mpaka chuma kinang'aa. Mwingine anasema chambo kimerudi kizima, kimepauka tu. Wote wawili baada ya hapo hufanya jambo lilelile: wanaulizia chambo kingine.

Chambo kina nafasi yake na nitakieleza kwa urefu. Lakini kambale hatafuti chakula kwa macho. Macho yake madogo, maji yenyewe ya tope, na yeye hutoka usiku. Anafuata harufu na ladha inayochukuliwa na maji, akisaidiwa na zile ndevu zake nane. Kwa hiyo kabla ya kuuliza "niweke chambo gani", jiulize harufu ya chambo chako inakwenda wapi ikishatoka kwenye ndoana. Mto unaipeleka chini, upande wa bahari. Ukitega chini ya maficho yake ni sawa na kumwekea mgeni sahani nyuma ya mgongo. Na mshipi wa kuelea ninaouzungumzia ni kamba ndefu inayobebwa na maboya, ndoana zake zikining'inia chini yake.

Maelezo haya nimeyapanga kwa Ruvu ya chini, upande wa Bagamoyo, kuanzia mikoko inapoishia hadi kwenye mashamba ya mpunga ya bondeni. Wa Korogwe na Hale, kwenye mto Pangani, watayatumia vilevile wakirekebisha uzito wa chubwi, yaani kizito kinachozamisha ndoana, kulingana na kasi ya maji yao.

## Mambo ya kumaliza ukiwa bado nyumbani

Leseni kwanza. Uvuvi unaongozwa na Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya mwaka 2003, na pa kuanzia ni ofisi ya uvuvi ya halmashauri ya wilaya yako. Uliza hukohuko ni sehemu zipi za mto zimefungwa na zana zipi zinaruhusiwa. Wanaofikiria mto Wami wakumbuke kwamba sehemu yake ya chini inapita Hifadhi ya Taifa ya Saadani, na humo huvui. Kwenye Ruvu, kaa mbali na mtambo wa Ruvu Chini, pale maji yanapovutwa kwenda Dar es Salaam. Watu wanakunywa maji yale.

La pili ni mamba na viboko. Ruvu ina wote wawili, Pangani na Wami vilevile. Huingii majini kwa miguu kutega wala kuinua, hata maji yakiwa ya magotini. Husafishi mikono yenye damu ya chambo ukingoni. Na hutegi mahali penye njia ya kiboko, ile njia pana iliyokanyagwa matete mpaka ikawa mfereji, kwa sababu yeye hutoka nayo usiku kula majani na kurudi nayo alfajiri, saa ileile wewe unayotaka kwenda kuangalia maboya. Ukikuta njia hiyo, sogea. Samaki wako kwingine pia.

## Vifaa vya mshipi mmoja wa ndoana kumi

Anza na ndoana kumi. Anayeanza na hamsini hutumia asubuhi nzima kufumua mafundo.

- Kamba kuu: nailoni ya kusuka, unene wa milimita 3 au 4, mita 50. Nyembamba zaidi ya hapo inakata viganja wakati wa kuvuta.
- Nyuzi za matawi, yaani zile fupi zinazobeba ndoana: nailoni ya kusuka ya milimita 1.5 hadi 2, mita 20. Uzi mwembamba unaoangaza si wa kazi hii. Kambale ana meno madogo mengi yaliyojipanga kama utepe, na akijipindapinda usiku kucha anausugua mpaka unakatika.
- Ndoana 12, mbili za akiba. Usinunue kwa namba peke yake, maana namba hutofautiana kiwanda kwa kiwanda, na kwa kawaida namba ikipanda ndoana inapungua. Pima kwa kidole: nafasi kati ya ncha na mti wa ndoana iingize kidole cha shahada bila kubana.
- Viungo vidogo vya chuma vinavyozunguka, vyenye tundu huku na huku, 10. Kambale akishanaswa anajiviringisha. Bila kiungo hiki uzi unajisokota hadi unakatika au unafungua fundo.
- Chubwi 10 za gramu 30 hadi 50. Nati kuukuu za bolti kutoka gereji zinafanya kazi sawasawa.
- Chupa tupu za maji za nusu lita, 10, zenye vifuniko visivyovuja. Vipande vya kandambili vinaelea vizuri kwenye nyavu, ila kwa mshipi huu chupa ni bora. Sababu nitaitoa chini.
- Dumu moja la lita 5.
- Nanga: mfuko wa salfeti uliojazwa mchanga, kilo 8 hadi 10, na kamba yake.
- Kisu kikali, koleo, wavu wa mkono, gunia, majivu, ndoo.
- Mtumbwi usiovuja, mwenzako mmoja na jaketi okozi kwa kila mtu.

Huyo mwenzako ni sehemu ya vifaa. Mtu mmoja hawezi kupiga kasia na kushika mshipi wenye ndoana wazi kwa wakati mmoja.

## Hatua ya 1: Soma maji mchana

Nenda mapema, saa tisa alasiri inatosha, bila kubeba chambo. Unatafuta vitu viwili: maficho ya kambale, na mwendo wa maji yanayoingia kwenye maficho hayo.

Maficho ni kingo zilizochimbwa chini na maji upande wa nje wa kona, mizizi ya miti iliyoangukia mtoni, vichaka vya matete na magugu, na midomo ya mifereji inayoleta maji kutoka mashamba ya mpunga. Hapo kwenye midomo ya mifereji ningeanza mimi. Maji ya shambani huja na minyoo, vyura na wadudu, na kambale anajua.

Jua likianza kushuka, nyamaza utazame uso wa maji. Kambale ana kiungo cha kuvutia hewa, kwa hiyo hupanda mara kwa mara kugugumia na kushuka. Utaona duara moja na vipovu vichache nyuma yake. Maduara matatu au manne katika eneo dogo ndani ya robo saa yanatosha kukuambia upo mahali pake.

Sasa tupa jani kavu au kijiti majini, juu kidogo ya maficho, ukiangalia kinakokwenda. Kikipita kwenye matete taratibu, hapo ulipokitupa ndipo chambo kitakapokaa. Kikivutwa katikati ya mto na kutoweka, harufu yako nayo itapita mlemle. Sogea karibu na ukingo ujaribu tena. Unatafuta mwendo wa mtu anayetembea bila haraka. Maji ya kasi yanaitawanya harufu na kuinua chambo kuelekea juu, na yaliyosimama kabisa hayaipeleki popote.

Onyo kwa wanaotega karibu na mdomo wa mto: huko bahari inasukuma. Maji yakijaa, hasa siku za bamvu, yaani maji makubwa ya bahari, mto husimama na hata kurudi nyuma, na chumvi hupanda nao. Kambale ni wa maji baridi. Ukipata hongwe, yule wa baharini anayefanana na kambale, badala ya kambale mwenyewe, jibu umepewa: umeshuka mno, panda juu. Na hongwe usimshike ovyo, miiba yake ina sumu. Aliyechomwa aloweke sehemu hiyo katika maji ya moto anayoweza kuyavumilia bila kuungua, nusu saa au zaidi, kwani joto hupunguza nguvu ya sumu, kisha aende kituo cha afya.

## Hatua ya 2: Pima kina

Funga jiwe kwenye uzi wenye fundo kila nusu mita. Pima sehemu tatu au nne utakapopitisha mshipi, ukiandika au ukikariri. Watu huruka hatua hii kwa sababu mto wanaujua tangu utotoni. Mto wa juzi si wa leo. Mchanga unahama kila masika.

Kwa nini kina kinahusu sana mshipi wa kuelea? Kwa sababu ndiyo faida yake yote. Chambo kinacholala chini huliwa na kaa, kobe wa majini na mikunga, tena hunasa kwenye magogo. Kinachoning'inia unakiweka pale kambale anapopita. Kama chambo chako kimekuwa kikiisha na ndoana tupu, mara nyingi kilikuwa kinagusa tope.

Kanuni ya kuanzia: miezi ya baridi, Juni hadi Agosti, chambo kikae shibiri moja au mbili juu ya sakafu ya mto. Wakati wa joto, maji yakiwa mazito na ya vuguvugu, hewa ya majini hupungua na kambale hupanda zaidi. Hapo ning'iniza nusu ya kina, au hata nusu mita tu chini ya uso wa maji.

Usiku wa kwanza usikisie. Panga ndoana moja ya chini, inayofuata ya juu, hivyo hivyo hadi mwisho. Asubuhi mto utakuwa umejibu.

## Hatua ya 3: Chagua chambo

Chambo kizuri kwa mshipi wa kuelea kina sifa mbili ambazo hugombana. Kitoe harufu, na kidumu. Kinachotoa harufu kwa fujo huisha mapema, kinachodumu sana aghalabu hakinukii. Wewe hupo pale usiku kukibadilisha, kwa hiyo kati ya viwili hivyo mimi hutanguliza kudumu.

Sabuni ya mche. Naanza nayo makusudi, kwa sababu wageni huicheka. Ile sabuni ngumu ya kufulia, ya mafuta, isiyo na manukato. Inayeyuka polepole usiku kucha na kuacha njia ya ladha ya mafuta majini, na vidagaa na kaa hawaishughulikii kama wanavyoishughulikia nyama. Kwa aliyekuwa akirudishiwa ndoana tupu, hii ndiyo dawa ya kwanza kujaribu. Sabuni ya kuogea yenye harufu ya maua usiiweke, na ya unga haishikiki. Mche wa zamani uliokaa dukani ukakauka ni bora kuliko mbichi.

Maini na utumbo wa kuku. Vinapatikana bei ya kutupa kwa wachinjaji sokoni. Harufu na damu yake huwahi kumfikia kambale, hasa saa za mwanzo wa usiku. Ubaya wake ni ulaini. Ini bichi likiwekwa peke yake kwenye ndoana huanguka wakati wa kutega, wewe ukadhani limeliwa. Utumbo unashika zaidi.

Samaki wa baharini wenye mafuta. Bagamoyo tuna bahati hii: asubuhi shuka soko la samaki, nunua vibua waliochoka ambao mteja wa kawaida amewakataa, au omba matumbo na vichwa. Kipande cha kibua chenye ngozi hudumu kwa sababu ngozi ndiyo inayoshika ndoana. Ningelazimishwa kuchagua chambo kimoja kwa mwaka mzima, ningechukua hiki. Wale wasiofika pwani, mapande ya perege yanafaa, ingawa yana mafuta machache.

Kamba na uduvi. Vizuri, ila ni hasara. Mla kamba wa kwanza huwa ni mdudu au samaki mdogo. Maganda ya kamba utakayoyapata bure kwa wakaanga samaki yasage ukayachanganye kwenye maji ya kulowekea chambo kingine.

Minyoo. Wakati mto umejaa tope baada ya mvua, kambale tayari anakula minyoo iliyosombwa kutoka mashambani. Mpe anachokitarajia. Vaa minyoo mitano au sita mikubwa kwenye ndoana moja, ncha za mikia zikining'inia. Mmoja peke yake ni chakula cha vidagaa.

Kumbikumbi na panzi. Mvua za kwanza za vuli zikitoa kumbikumbi, kambale hula juu ya maji kabisa. Usiku huo ndoana za nusu mita zitakushangaza. Kumbikumbi ni laini, wafunge kumi kwa pamoja na uzi. Siku mbili tatu baadaye msimu huo umeisha, usiendelee kung'ang'ania.

Donge la unga. Dona, pumba na maji ya dagaa. Linafaa bwawani. Mtoni, kwenye chambo kinachoning'inia, linavunjika kabla hujafika nyumbani. Sipendekezi, pamoja na sifa zote linazopewa.

Samaki hai? Perege mdogo aliyechomwa chini ya pezi la mgongoni huleta kambale mkubwa, hilo ni kweli. Lakini kukusanya perege wachanga kwa ajili ya ndoana ni kula mbegu, na kipande cha kibua kinanitosha.

Upande wa majira, kwa kifupi: maji yakiwa yametulia na kupungua tope, kibua na sabuni. Maji ya tope yanayopanda, minyoo na utumbo. Mafuriko yakishatanda bondeni wakati wa masika, kambale huingia kwenye mbuga na majaruba yaliyofurika kutaga. Maji ya kina kifupi yanachemka samaki na inashawishi, ila mama mwenye mayai ukimwacha mwezi huu unakuwa na kambale wa kuvua mwakani. Tega mtoni, waache wa majarubani.

## Hatua ya 4: Andaa chambo ili kidumu

Ini: likate vipande vya ukubwa wa kidole gumba, nyunyizia chumvi nyingi, liache usiku mzima kwenye chombo kilichotobolewa chini ili maji yachuruzike. Asubuhi litakuwa gumu na la rangi ya giza. Likivutwa lisikatike, hapo limeiva. Ukitaka uhakika zaidi, lifunge ndani ya kipande cha soksi nyembamba za kike kisha kaza na uzi. Harufu inapita, nyama haitoki.

Utumbo: kamua, osha mara moja tu, anika kivulini saa moja au mbili ushike. Ukianikwa juani mpaka ukauke umepoteza kazi.

Kibua: kata vipande vya upana wa vidole viwili, kila kipande na ngozi yake. Chumvi kidogo. Watu huacha samaki aoze wakiamini kambale hupenda uvundo. Kinachooza kinakuwa uji, nao hauning'inii. Kinuke, kisioze.

Sabuni: kata vipande vya sentimita mbili na nusu kila upande kwa kisu kilichopashwa moto, vinginevyo inapasuka. Toboa kila kipande kwa msumari wa moto mapema, nyumbani, ndoana ipite bila kulazimishwa.

Tenga kila aina kwenye chombo chake. Na mikono yako iwe mbali na petroli, dizeli na tumbaku siku hiyo. Mnusaji huyu si wa kudharau.

## Hatua ya 5: Funga mshipi

Fanya kazi hii nyumbani, mchana, kamba imenyooshwa kati ya miti miwili.

Acha mita 7 mwanzo wa kamba kuu. Hapo piga kitanzi kidogo ndani ya kamba yenyewe, fundo lisiloteleza. Kila baada ya mita 4 piga kingine hadi vitimie kumi. Zitabaki mita 7 mwishoni, pungufu kidogo kwa sababu mafundo hula kamba.

Kwenye kila kitanzi funga vitu viwili: chupa juu, tawi chini. Tawi liwe na kiungo kinachozunguka karibu na kamba kuu, kisha uzi, kisha chubwi, kisha ndoana sentimita 40 chini ya chubwi. Chubwi likigusa ndoana, kambale anausikia uzito kabla hajameza.

Urefu wa tawi unatoka kwenye kina ulichopima. Tuseme mto una mita 3. Matawi ya chini yawe mita 2.5, ya juu mita 1. Jumlisha majirani wawili: mita 3.5, na nafasi kati yao ni mita 4. Hawafikiani, hawasokotani. Shika kanuni hii popote: urefu wa matawi mawili yanayofuatana, ukijumlishwa, uwe chini ya nafasi iliyo kati yao. Mafundo mengi ya asubuhi yanazaliwa hapa.

Sasa ile sababu ya chupa. Nusu lita ya hewa ikizamishwa inavuta juu kwa nguvu ya karibu nusu kilo. Kambale akiondoka na chambo, chupa inazama naye na kumvuta, na ndoana inajichoma yenyewe wewe ukiwa umelala. Kipande cha kandambili hakina nguvu hiyo. Chupa ya lita moja na nusu nayo inazidi, anaisikia mapema na kutema. Zaidi ya hayo, ukiwa mbali unaona chupa ipi imehama.

Funga dumu la lita 5 mwisho wa kamba kuu, na kutoka kwenye dumu shusha kamba ya nanga. Kamba hiyo iwe mara moja na nusu hadi mara mbili ya kina. Ukiikaza sawasawa na kina, maji yakipanda usiku dumu linazama na kuanza kung'oa nanga, na nguvu yake ni kilo 5 wakati mfuko wako wa mchanga ukiwa majini umekwishapoteza zaidi ya theluthi ya uzito wake. Huko ndiko mishipi mizima hupotelea.

Andika jina lako kwenye dumu kwa rangi isiyofutika.

Ukimaliza, zungushia mshipi kwenye beseni, ndoana zote zikiwa zimechomekwa kwa mpangilio kwenye ukingo wa kandambili kuukuu iliyofungwa beseni. Uning'inize juujuu: ukimwagika bila fundo, umefaulu.

## Hatua ya 6: Kutega

Saa kumi na moja jioni, si baadaye. Giza likiingia uwe umekwishatoka majini.

Visha ndoana ukiwa ukingoni pakavu, mbali na maji. Pitisha ndoana mara mbili kwenye kipande cha samaki, kupitia ngozi, na ncha ibaki nje wazi. Wengi huificha wakihofia samaki ataiona. Usiku, kwenye tope, hataiona, na ncha iliyozama ndani ya nyama haichomi mdomo.

Funga mwanzo wa kamba kuu kwenye mti imara ukingoni, juu ya maficho kwa mita tano hadi kumi. Juu maana yake upande maji yanakotoka. Mwenzako apige kasia pole pole kuelekea chini kwa mshazari, wewe ukiachia mshipi kutoka kwenye beseni, tawi moja baada ya jingine, mikono nje ya vitanzi. Usikae kamwe kati ya mshipi na ubavu wa mtumbwi upande unaotoka. Kisu kiwe mahali mkono wako wa kulia unapopajua.

Mshipi upite pembeni ya matete, mita mbili hivi kutoka kwenye majani. Karibu zaidi, naye akinaswa anaingia humo na kujifunga. Usiuvushe mto mzima. Mitumbwi inapita usiku, na watu wake hawana habari na kamba yako.

Mwisho shusha nanga taratibu, usiirushe. Tazama dakika kumi. Chupa zikae mstari uliopinda kidogo, zote zikielea juu. Zikilala chini kwa kuvutwa na maji, kasi ni kubwa: ongeza chubwi au sogea mahali patulivu. Chupa zikirundikana pamoja, kamba imelegea: sogeza nanga chini kidogo.

Changanya vyambo usiku wa kwanza, ukiviandika kwa nafasi: ndoana ya 1 na ya 2 kibua, ya 3 na ya 4 sabuni, na kuendelea. Ukiweka kwa jozi, kila chambo kinapata ndoana ya chini na ya juu.

## Hatua ya 7: Kuinua

Subiri kuche kabisa. Saa moja asubuhi inatosha. Kabla ya kusukuma mtumbwi, simama uangalie kingo zote mbili na uso wa maji kwa muda. Kambale aliyenaswa anapiga maji, na mamba naye ana masikio.

Anza mwisho wa chini, kwenye dumu, upande kuelekea juu ya mto. Ukifanya kinyume, maji yanausukuma mtumbwi juu ya ndoana zako mwenyewe. Vuta mshipi, usiuzungushe mkononi hata mara moja.

Kambale akikaribia, mwingize wavu kuanzia kichwani. Mpake majivu au mfunike kwa gunia bichi, bila hivyo utelezi wake utakushinda. Mshike nyuma ya kichwa, vidole vikiwa nyuma ya miiba miwili ya mapezi ya kifuani. Miiba hiyo ina meno na inakita wima anapokasirika. Kidonda chake ukioshe kwa maji safi na sabuni siku hiyohiyo. Ndoana ikiwa imemezwa, kata uzi uitoe wakati wa kumpasua.

Kumfikisha sokoni mzima si kazi ngumu. Mlaze ndani ya gunia lililoloweshwa, kivulini. Ukimweka kwenye ndoo, maji yawe kidogo na nafasi ya hewa ibaki juu, kwa sababu anahitaji kupanda kuvuta hewa. Ndoo iliyojaa pomoni na kufungwa mfuniko inamuua.

## Kusoma matokeo ya asubuhi

Ndoana tupu za chini peke yake: kaa na kobe. Pandisha matawi shibiri mbili, au weka sabuni chini na kibua juu.

Ndoana tupu zote, juu na chini: chambo ni laini au vidagaa ni wengi. Rudi kwenye chumvi na soksi.

Chambo kizima, kimepauka, hakijaguswa: harufu haikumfikia. Hapa usibadilishe chambo. Hamisha mshipi, rudia jaribio la jani. Ukihamisha mara mbili bila mguso, ndipo ufikirie chambo.

Uzi umesokotwa hadi kufupika, ndoana ipo: alinaswa akajiviringisha akachomoka. Kiungo kimeshika kutu au ndoana ni ndogo. Ncha iliyokwaruzwa kwenye ukucha ikiteleza bila kushika, inoe.

Uzi umekatika safi, chupa imepotea: mamba au gogo. Hama hapo, na usirudi jioni hiyohiyo.

Kambale wote wako kwenye matawi ya juu: usiku unaofuata fupisha yote. Wako chini: refusha yote. Wamegawanyika: acha ulivyoweka, ongeza chambo kilichoshinda.

Kila asubuhi toa mshipi wote majini, hata kama unarudi jioni. Ulioachwa unaendelea kuua samaki usiokuja kuwachukua, tena jua linaupikia chambo na kuacha mafuta yanayooza kwenye uzi. Usuuze kwa maji ya kisima, uanike kivulini, kagua kila fundo, na ndoana zilizopinda zitupe kwenye kopo lenye mfuniko, mbali na watoto na mbuzi.